Mwongozo Kamili wa Kuendesha Somo la Kodi Chuoni: Kuanzia Risiti Mpaka Ripoti ya CAG

Kila muhula napata malalamiko yaleyale kutoka kwa viongozi wa klabu za kodi, wawakilishi wa madarasa na wahadhiri vijana. Semina iliandaliwa vizuri, mgeni akaalikwa, ukumbi ukajaa. Dakika ishirini baadaye nusu ya watu wako kwenye simu, na wiki inayofuata hakuna anayeweza kueleza tofauti ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara).

Nimeyaona haya mara nyingi, na chanzo karibu siku zote ni kimoja: somo lilianza na hotuba. Mwanafunzi akiambiwa "kodi ni maendeleo ya taifa" anaitikia kwa heshima, huku moyoni akijua kwamba yeye hana ajira, kwa hiyo halipi kodi na mada haimhusu. Hapo umeshampoteza.

Mwongozo huu ni wa kipindi cha saa mbili na nusu kwa wanafunzi 30 hadi 40, Tanzania Bara. Mkizidi hapo gawaneni makundi mawili, kwa sababu hili ni somo la kushika karatasi na kukokotoa. Walio Zanzibar watumie hatua hizihizi, ila wakumbuke kwamba VAT ya huko ni 15% na husimamiwa na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), wakati kodi ya mapato iko chini ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) pande zote mbili za Muungano.

## Vitu vya kuandaa kabla

- Risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), angalau moja kwa kila wanafunzi wawili. Changanya: supamaketi, kituo cha mafuta, duka la vifaa vya ofisi, mgahawa.
- Karatasi mbili tatu ambazo si risiti halali: ankara ya proforma (ya kuonyesha bei kabla ya mauzo), karatasi inayotoka kwenye mashine ya kadi ya benki, na kile kikaratasi cha oda cha mgahawani.
- Ujumbe wa LUKU ulionakiliwa kwenye karatasi kubwa, namba ya mita ikiwa imefichwa.
- Jedwali la PAYE la mwaka huu wa fedha, nakala kwa kila kundi.
- Ibara ya 138 na ya 143 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano, zimechapwa kwenye ukurasa mmoja.
- Kurasa mbili za ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zinazotaja halmashauri ambamo chuo chenu kipo.
- Kikokotoo (cha simu kinatosha), kalamu nene, karatasi za ukutani, na angalau simu nne zenye bando.

Onyo kabla hatujaenda mbali: viwango vya kodi vinaweza kubadilika kila mwaka Sheria ya Fedha mpya inapoanza kutumika tarehe 1 Julai. Hesabu nitakazotoa hapa ni za kufundishia njia ya kukokotoa. Wiki ya kipindi chako ingia kwenye tovuti ya TRA, pakua jedwali jipya na ubadilishe tarakimu. Usifundishe kwa slaidi ulizorithi kwa kiongozi wa klabu aliyehitimu miaka mitatu iliyopita.

## Hatua ya 1: Wape kazi wiki moja kabla

Mwombe CR (mwakilishi wa darasa) atume tangazo fupi kwenye kundi la WhatsApp la darasa: kila anayekuja alete risiti moja ya kitu alichonunua mwenyewe wiki hiyo, iwe soda, daftari, mafuta ya bodaboda au chochote. Asiyepewa risiti aandike alinunua nini, kwa shilingi ngapi, na muuzaji alisema nini alipoombwa.

Sababu: mwanafunzi anaingia ukumbini akiwa na fedha yake mwenyewe mezani, tena wengine fedha hiyo ni ya bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo). Risiti ya mtu mwingine haimuumi.

Onyo: wasigombane na wauzaji. Kutotoa risiti ni kosa kisheria, na mnunuzi asiyeidai naye ana kosa, lakini kazi hii ni ya kuangalia tu. Majina ya maduka yasisomwe kwa sauti darasani.

Umefanikiwa ukiona angalau nusu wamekuja na karatasi, na waliokosa wamekuja na maelezo. Wale waliokosa usiwaone wavivu. "Mashine mbovu", "subiri niende kwa jirani", "unataka ya nini, ni elfu mbili tu": majibu haya ni sehemu ya somo. Yaandike ukutani.

## Hatua ya 2: Someni risiti mstari kwa mstari

Hapa tumia dakika arobaini nzima. Ukilazimika kukata muda, kata kwingine.

Waweke wawili wawili na risiti moja. Waanze juu kabisa, panapoandikwa "START OF LEGAL RECEIPT", na wamalizie chini panapofungwa kwa "END OF LEGAL RECEIPT". Kati ya mistari hiyo watafute jina la mfanyabiashara, TIN yake (namba ya mlipakodi), VRN (namba ya usajili wa VAT), tarehe na saa, kodi iliyotozwa, namba ya uhakiki na msimbo wa QR.

Kisha wape zile karatasi zisizo halali bila kusema kitu. Acha wagundue wenyewe. Ile karatasi ya mashine ya benki huwanasa wengi: ina tarehe, ina kiasi, ina jina la duka, lakini inathibitisha tu kwamba fedha imetoka kwenye kadi. Haisemi lolote kuhusu kodi.

Baada ya hapo, kundi lenye bando lihakiki risiti moja kwenye verify.tra.go.tz au kwa kuskani QR. Ukurasa ukifunguka na kuonyesha ununuzi uleule, ukumbi huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa kipindi. Wanaona kwa macho yao kwamba soda ya jana imeandikwa mahali.

Sasa hesabu. Chukua ununuzi wa shilingi 23,600 wenye VAT ya 18%. Uliza: kodi ni kiasi gani? Karibu wote watazidisha 23,600 kwa 18% na kupata 4,248. Ni kosa. Bei ya dukani tayari imebeba kodi, yaani 23,600 ni 118% ya bei ya kitu. Kwa hiyo gawanya kwa 118, zidisha kwa 18: kodi ni 3,600 na bei ya kitu ni 20,000. Rudia kwa risiti zao mpaka jibu lifanane na lililochapishwa.

Onyo la kwanza: si kila kitu kina VAT. Vyakula vingi ambavyo havijasindikwa, kwa mfano, vimesamehewa. Risiti moja ya supamaketi inaweza kuwa na bidhaa zenye kodi na zisizo nayo, kwa hiyo wakokotoe kwenye sehemu yenye kodi tu. Wakikuta risiti yenye kiwango tofauti na 18%, wafuate kilichochapishwa kisha waulizie sababu yake TRA.

Onyo la pili: watakutana na risiti ya EFD ambayo sehemu ya VRN haina namba na VAT haipo, halafu watapiga kelele kwamba ni ya kughushi. Hapana. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayajafikia kiwango cha kusajiliwa VAT, ambacho tangu 2023 ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, anaweza kuwa na mashine na asiwe na VRN. Huyo hapaswi kukutoza VAT. Mwenye kosa ni anayekutoza "na VAT" kwa mdomo wakati hajasajiliwa.

Umefanikiwa pale mwanafunzi yeyote utakayemnyooshea kidole anaweza kushika risiti ya mwenzake na kusema: hii ni halali kwa sababu hizi, kodi yake ni kiasi hiki, na aliyeilipa ni mnunuzi huyu hapa. Duka limekusanya tu. Neno hilo "limekusanya" lirudieni. Mfanyabiashara aliyepokea VAT na kuificha hajakwepa kodi yake peke yake, amekaa na fedha ya wateja wake.

## Hatua ya 3: Ujumbe wa LUKU

Bandika ujumbe wa LUKU ukutani. Utaona VAT, tozo ya REA (umeme vijijini), tozo ya EWURA (udhibiti wa nishati na maji) na, kwa ununuzi wa kwanza wa mwezi, kodi ya jengo. Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia umeme, na kwa nyumba ya kawaida imekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023, sawa na 18,000 kwa mwaka.

Wanaoishi hosteli hawatashtuka. Waliopanga geto mtaani watashtuka. Kuna kipindi binti mmoja wa mwaka wa pili alisimama na simu mkononi, akapitia jumbe zake za miezi mitano, kisha akasema taratibu: "Kwa hiyo mimi ndiye ninayelipia nyumba ya baba mwenye nyumba?" Ukumbi ulinyamaza.

Usilikimbie swali hilo. Mwenye wajibu wa kodi ya jengo ni mmiliki. Mpangaji anayenunua umeme anaitanguliza tu, na anayo haki ya kukaa na mwenye nyumba wakubaliane ipunguzwe kwenye pango. Wafundishe namna ya kuliongea: kwa adabu, na jumbe za LUKU zikiwa zimeorodheshwa, bora kabla ya kusaini mkataba mpya. Nimewahi kuwapa dakika tano waigize, mmoja mwenye nyumba, mmoja mpangaji. "Shikamoo baba, nilikuwa na jambo dogo la umeme" inafika mbali kuliko kumsomea mzee wa watu sheria mlangoni.

## Hatua ya 4: Mshahara wa kwanza

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wataamka hapa. Andika ubaoni: umeajiriwa kampuni binafsi, mshahara shilingi 800,000. Nani anafikiri atapokea 800,000?

Kokotoeni pamoja kwa mpangilio huu, maana mpangilio ndio unaowachanganya:

1. Toa mchango wa mfanyakazi wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwanza, 10%: 80,000. Mchango huu haukatwi PAYE.
2. Kinachobaki, 720,000, ndicho kinachotozwa kodi.
3. Angalia jedwali. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8%, yaani 20,000 kwa daraja zima. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni 20%. Wewe una 200,000 ndani ya daraja hili, kwa hiyo 40,000.
4. PAYE yako ni 20,000 + 40,000 = 60,000.
5. Kama ulikopeshwa na HESLB (Bodi ya Mikopo), toa 15% ya mshahara wa msingi: 120,000.
6. Kilichobaki mkononi: 540,000.

Sasa simama kwenye 120,000 na 60,000. Waulize ipi ni kodi. Wengi wataziita zote kodi, na huko mbele watalaumu TRA kwa makato ya Bodi ya Mikopo. Mkopo ni deni lako binafsi na lina mwisho. PAYE inaendelea muda wote una ajira na mshahara unaofikia kiwango. Atakayetoka ukumbini akiyatenganisha makato haya matatu, hifadhi, kodi na deni, hatadanganywa kwenye karatasi ya mshahara.

Kosa la kusahihisha hapohapo: "Bora nisipandishwe mshahara, nitaingia daraja la juu niliwe zaidi." Thibitisha kwa tarakimu. Kipato kinachotozwa kodi cha 760,000 kinalipa 68,000. Kikipanda hadi 770,000, ile 10,000 ya juu tu ndiyo inayotozwa 25%, kwa hiyo kodi inakuwa 70,500. Umeongezewa 10,000, umetoa 2,500. Hakuna aliyewahi kupungukiwa na mshahara kwa kuvuka daraja.

Umefanikiwa ukiwapa 1,000,000 na wakarudi na PAYE ya 103,000 bila msaada wako. (Baada ya NSSF inabaki 900,000, 68,000 jumlisha 25% ya 140,000, ambayo ni 35,000.)

## Hatua ya 5: TIN, na biashara ndogo za chuoni

Hatua hii ni fupi, lakini makosa yake yanagharimu.

TIN hutolewa bure. Anayekuomba elfu kumi "akusaidie" anauza huduma yake tu. Mwenye namba ya NIDA anaweza kuomba mtandaoni mwenyewe.

Kuna TIN ya biashara na isiyo ya biashara. Mwanafunzi anayetaka leseni ya udereva au anayeanza ajira anahitaji isiyo ya biashara. Kila mwaka nakutana na kijana aliyesajili ya biashara kwa kutojua, akaikalia, akaja kushtuka kwamba alipaswa kufanya makadirio na kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi kwa TRA), na adhabu zimerundikana. Ikishatokea, kujificha kunaongeza tatizo. Aende ofisi ya TRA ya eneo lake aeleze na aombe utaratibu wa kurekebisha.

Onyo: usiwaruhusu kusajili TIN pale ukumbini kwa pupa. Onyesha ukurasa, eleza, kila mtu akafanye kwa utulivu.

Halafu waulize nani anauza kitu: keki, mitumba, vocha, kusuka. Mikono itanyooka. Wape mfano wa kodi ya wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kwa mauzo. Kwa jedwali ninalofundishia, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi hiyo. Mwenye mauzo ya milioni 6 asiyeweka kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Daftari la shilingi 2,000 limemwokolea 40,000. Sijawahi kupata hoja bora kuliko hiyo ya kumshawishi kijana aandike mauzo yake kila jioni.

## Hatua ya 6: "Kwa nini nilipe wakati wanaiba?"

Swali hili litakuja. Lisipokuja, lilete wewe, maana limo vichwani mwao. Semina nyingi hufia hapa: mwezeshaji anaanza kuitetea serikali, wanafunzi wanaanza kuishambulia, somo linageuka ubishi wa kijiweni.

Usitetee wala usishambulie. Gawa ule ukurasa wa Katiba. Msomaji mmoja asimame na kusoma Ibara ya 138 kwa sauti: hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Waulize maana yake ni nini kwa mtu anayekutoza "ushuru" barabarani bila stakabadhi. Kisha Ibara ya 143: CAG anakagua, anawasilisha ripoti kwa Rais, na Rais anaagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lianze kikao. Rais asipofanya hivyo, CAG anaipeleka kwa Spika mwenyewe.

Sasa gawa zile kurasa mbili kuhusu halmashauri yenu. Kila kundi lijaze mistari mitatu: fedha gani, ilipaswa kufanya nini, mkaguzi amekuta nini. Wasiandike maoni bado. Kundi linalopata hoja kuhusu zile 10% za mapato ya ndani ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo, na kugawanywa 4% wanawake, 4% vijana na 2% watu wenye ulemavu, litakuwa na la kusema, kwa sababu hiyo 4% ya vijana ni yao.

Kisha wape mfano wa karibu. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Wananchi walilalamika kila kona, kuanzia magengeni hadi bungeni. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa 30%, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa na kuondolewa kwa sehemu. Waulize: nani alisema, alisema wapi, na kwa nini alisikilizwa? Mlipaji anayejua ametoa shilingi ngapi, kwa sheria ipi, huuliza swali lisilokwepeka.

Onyo: ukimwalika afisa wa TRA, na ni vizuri kumwalika, mwombe aje na meza ya kujibu maswali na apewe dakika kumi tu za kuzungumza. Mweleze mapema kwamba swali hili litaulizwa. Na usiruhusu jina la chama wala la mgombea litajwe. Likitajwa, irudishe hoja kwenye karatasi iliyo mezani.

Umefanikiwa ukisikia wameacha "wanaiba" na kuanza "ukurasa huu unasema shilingi kadhaa hazina viambatisho vya malipo, ziko wapi?"

## Hatua ya 7: Kazi ya wiki mbili

Usifunge kwa kupiga picha ya pamoja peke yake. Kila kundi liondoke na kazi moja kati ya hizi:

- Kuhudhuria mkutano wa mtaa, au mkutano mkuu wa kijiji ambao hupaswa kufanyika kila miezi mitatu, na kuomba taarifa ya mapato na matumizi isomwe.
- Kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa halmashauri wakiuliza hoja moja ya CAG imefikia wapi. Hoja moja tu. Barua yenye hoja kumi haijibiwi.
- Kusaidia mfanyabiashara mmoja mdogo jirani na chuo kuanza daftari la mauzo.

Barua ipite kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya kutumwa, iwe na tarehe, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwa klabu. Bila muhuri huo hamna pa kuanzia mkirudi kufuatilia.

Kundi moja nililolisimamia lilimchagua mama anayeuza chipsi nyuma ya hosteli. Siku ya kwanza alikataa, akidhani wametumwa kumkadiria. Walirudi siku ya tatu na daftari, wakakaa naye kuanzia saa kumi na moja jioni hadi anafunga, wakiandika kila sahani. Wiki mbili zilipoisha aliwaonyesha ukurasa alioandika mwenyewe: viazi, mafuta, mkaa, mauzo, na pembeni, kwa mwandiko wa kalamu nyekundu, siku mbili alizouza kwa hasara bila kujua.